Mfumaji wa Rhonda na masweta yaliyofunga kiwanda chake

Truphosa Nerima anachoma sweta.

Halichomi lote. Anavuta uzi mmoja kwenye pindo, anaukata kwa meno, anauwasha kwa kiberiti, kisha anausogeza karibu na pua. Uzi unasinyaa na kuacha majivu yanayopondeka kwa kidole. Chumba kinanuka nywele zilizoungua.

"Huyu ni kondoo," anasema, na kulitupa sweta upande wa kulia.

La pili linatoa moshi mweusi. Uzi wake unayeyuka na kuacha tone gumu kama shanga.

"Hii ni plastiki." Linakwenda kushoto.

Ni asubuhi ya mwezi wa tano mtaani Rhonda, mjini Nakuru. Chumba ni cha mabati, kimebanwa kati ya kinyozi na muuza makaa, na zaidi ya nusu yake imechukuliwa na mtambo wa mbao wa kufumia. Anayetaka kufika dirishani lazima ainame apite chini ya nyuzi. Kando ya ukuta yamepangwa mablanketi arobaini ya kijivu, kahawia na bluu, yamekunjwa kwa namna moja.

Mchana wa leo Cheptanui, matroni wa hospitali ndogo ya kanisa upande wa Elburgon, anakuja kuyakagua. Aliyaagiza mwezi wa kwanza kwa mdomo tu, bila malipo ya awali. Akiyachukua, karakana hii itaendelea, pamoja na kazi ya majirani wawili wanaomsaidia Nerima. Akiyakataa, mambo yameishia hapo.

"Mimi sina mpango wa pili," anasema Nerima, mwenye umri wa miaka hamsini na minane. "Pesa ya chama imeingia hapa. Ya kuku imeingia hapa. Akisema hapana, nafunga mlango nakaa nyumbani."

Ana sababu ya kuwa na wasiwasi. Tangu aanze kuyafuma, bei ya dola imeshuka, na mablanketi yanayotoka nje ya nchi yameshuka nayo.

Nerima ni mtoto wa kiwanda. Babu yake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli. Baba yake aliajiriwa katika kiwanda cha mablanketi mjini Nakuru, na mwaka 1985, akiwa na miaka kumi na tisa, Nerima naye akaingia kwa lango hilo hilo.

Siku hizo kiwanda kilifanya kazi zamu tatu. Sufu ilitoka kwa wafugaji wa Molo na Mau Narok, na mablanketi yalikwenda hadi Uganda na Rwanda. Blanketi la kutoka nje lilitozwa ushuru mkubwa kiasi kwamba wafanyabiashara wachache walijisumbua kuliagiza.

"Ukiolewa unapewa blanketi ya Nakuru. Ukizaa, blanketi ya Nakuru. Ukifa, inawekwa juu ya jeneza mpaka kaburini, halafu mashemeji wanapigania," anakumbuka, akicheka.

Miaka ya tisini ilipoingia, wafadhili waliokuwa wakiikopesha serikali walitaka masoko yafunguliwe. Yakafunguliwa. Marobota ya nguo kuukuu yakaanza kupanda kutoka Mombasa, na nyuma yake mablanketi mepesi ya nailoni kutoka Asia. Kiwandani zamu tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja, na mwaka 2001 lango likafungwa. Mshahara wa mwisho wa Nerima ulikuwa shilingi elfu nne na mia nane kwa mwezi. Sehemu ya malipo ya kuachishwa kazi alipewa kwa mablanketi.

Hakuna aliyewaeleza wafanyakazi habari za soko huria. Walichoona ni sweta zuri likiuzwa kando ya barabara kwa bei ya chini kuliko uzi wa kulifumia.

Lakini sweta hilo hilo lilisomesha watoto wa wengine. Mmoja wa waliosomesha watoto kwa sweta hilo ni Wangare, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, aliyeacha shamba dogo la wazazi wake Njoro na kuanza kuuza masweta ya mitumba mjini mwaka 1996. Watoto wake watatu wamemaliza vyuo kwa kibanda kimoja sokoni. Leo anaingia kwa Nerima na gunia mgongoni, akihema.

"Hawa ndio walituua," Nerima anasema, akimnyooshea kidole.

"Na nani anakulisha, Mama Bravin?" Wangare anajibu kabla hata ya kutua mzigo. "Mtu akuue, halafu akuletee uzi kila Jumanne?"

"Unaniletea fagia! Kamera unapelekea matajiri wa Milimani."

"Watu wa Milimani wananunua. Wewe unachoma."

Kamera ni zile nguo nzuri zinazochaguliwa kwanza robota likifunguliwa. Fagia ni zile zinazobaki mwisho: zenye matundu, zenye madoa, zilizofifia rangi. Wangare humwuzia Nerima fagia kwa shilingi arobaini kila sweta. Masweta saba hivi hutoa blanketi moja.

Wanawake hawa hawakukutana kwa urafiki. Baada ya kiwanda kufungwa, Nerima alikaa takriban miaka ishirini kando ya barabara ya Rhonda na sindano, akirekebisha masweta ya shule yaliyoraruka. Siku nzuri aliondoka na shilingi mia tatu. Mitumba alikuwa hataki hata kuigusa, na kwa muda mrefu watoto wake walivaa nguo alizofuma mwenyewe, wakichekwa shuleni.

Kisha ikaja corona. Mwaka 2020 serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa, na kibanda cha Wangare kikabaki na fagia peke yake. Akayafunga masweta mabovu kwenye shuka, akauliza ni nani anayeweza kuyatengeneza yauzike, akaelekezwa kwa mama mmoja wa Rhonda mwenye sindano.

"Alinitukana kwanza," anasema Wangare. "Nimetoka sokoni sijauza kitu, nimefunga barakoa, na mtu nisiyemjua ananiuliza kama nimekuja kuona kaburi."

"Nilikuambia ukae," Nerima anamkatiza.

"Baada ya kunitukana!"

Mengine yalitengenezeka. Mengine hayakuwa na la kuokoa. Nerima alilivuta moja kwa hasira, uzi ukaanza kufunguka, ukaja mrefu, bila kukatika, hadi mkono mzima ukaisha.

"Yeye alikuwa anaona nguo imeharibika. Mimi nikaona uzi," anasema. "Kiwanda chetu kilikufa kwa kukosa wanunuzi, na hapa kuna uzi watu wanatupa."

Alikwenda kwa wauza vyuma chakavu, ambako mitambo ya viwanda vingi vya zamani ilipimwa kwa kilo, akapata kitana cha chuma, kile kifaa chenye meno kinachoshindilia uzi ukishapitishwa. Fundi wa mbao alijenga sehemu iliyobaki ya mtambo kwa kuchorewa sakafuni kwa chaki. Nyuzi za kwenda urefu, ambazo wafumaji huziita mtande, Nerima hununua za pamba. Zinazopita kati yake, yaani mshindio, ndizo zinatoka kwenye masweta.

Si kila sweta linafaa. Anafungua kwanza mshono wa ubavuni. Akikuta kitambaa kilikatwa kwa mkasi kabla ya kushonwa, analirudisha, kwa sababu uzi wake utatoka vipande vipande. Akikuta kingo nzima, anakata fundo la begani na kuanza kuvuta.

Sweta aliloshika sasa lina lebo ya Bangladesh. Ndani ya kola, mzazi fulani wa nchi ya baridi ameandika jina la mtoto kwa kalamu. Limefumwa bara moja, likavaliwa bara jingine, likatolewa msaada, likauzwa kwa uzito, likapakiwa kontena, likachaguliwa na kukataliwa Nakuru.

"Hii sweta imetembea kuliko mbunge," anasema Nerima, na kulichoma.

Kuchoma huku kuna historia yake. Alianza mwaka huu tu, baada ya kosa lililokaribia kummaliza.

Mwishoni mwa mwaka jana dola ilikaribia shilingi mia na sitini. Mablanketi ya nje yakapanda bei. Cheptanui, aliyezoea kununua ya dukani, akasikia kwa muuguzi mmoja kwamba kuna mama anafuma Rhonda. Akaja, akalishika blanketi moja la zamani ambalo Nerima alilifuma kwa ajili ya nyumba yake, akauliza bei. Nerima akasema elfu moja na mia tisa. Wakati huo la dukani lenye uzito unaokaribiana lilikuwa elfu mbili na zaidi. Cheptanui akasema anataka arobaini kabla ya baridi ya Juni, ila atachukua tu yale atakayoridhika nayo kwa macho.

Nerima alifuma kama alivyofundishwa. Kiwandani, blanketi la sufu hufumwa pana kuliko linavyotakiwa, kisha hufuliwa kwa maji moto na sabuni, na kupigwa mpaka lirudi, yaani lisinyae, na kuwa nene. Alipanua kitambaa kwa kipimo kile kile cha zamani. Akamaliza la kwanza, akaliweka pembeni. Akamaliza la pili, akaliweka pembeni. Alipofikisha kumi na mawili ndipo akachemsha maji.

Mtu mwingine angefua la kwanza aone. Yeye hakuwaza hivyo, kwa sababu kiwandani mfumaji hakufua. Ufuaji ulikuwa idara nyingine, ng'ambo ya ua, na kazi yake ilikuwa kujaza toroli. Wala hakuwahi kuuliza uzi ni wa nini. Kiwandani uzi ulikuwa sufu, basi.

Masweta ya Wangare yalikuwa mchanganyiko. Kwa vidole, uzi wa viwandani uliotengenezwa kwa mafuta ya petroli siku hizi ni laini kama manyoya ya mwanakondoo, wakati mwingine laini zaidi. Maji moto hayakudanganyika. Palipopita sufu, blanketi lilirudi. Palipopita plastiki, lilibaki pana vile vile. Mablanketi yote kumi na mawili yalitoka na kingo za kuingia na kutoka, yamebinuka katikati, kama viwavi.

Siku hiyo hiyo Cheptanui alipita kuona kazi imefika wapi. Aliyakuta kwenye kamba.

"Mama," aliuliza, "hii ni blanketi ama ni ramani ya Bonde la Ufa?"

"Nilitaka ardhi ipasuke," anasema Nerima. "Lakini si kungekuwa na bonde lingine tena?"

Hakumficha kitu. Alimweleza ni wapi amekosea, akaomba muda. Sufu ikisharudi kwa maji moto haifunguki tena kuwa uzi, kwa hiyo kazi ya wiki nyingi haikuokoleka. Aliyakata yote vipande na kuyauza matandiko ya wanyama.

"Mbwa wa Milimani wamelala juu ya jasho langu," anasema. "Na hawajalalamika."

Wangare alikuwa tayari kusikia mlango ukipigwa kufuli. Badala yake, wiki iliyofuata alikuta mwenzake ameketi na pakiti ya viberiti. Sufu inafumwa peke yake na kupanuliwa. Plastiki inafumwa peke yake kwa upana kamili, haitiwi maji moto. Kila blanketi la sufu sasa linafuliwa siku linapotoka kwenye mtambo. Nerima amejenga jiko la kuchemshia maji nje ya mlango, na idara mbili za kiwanda zimekuwa mwanamke mmoja.

"Huyu mama ana kichwa ngumu," anasema Wangare, kwa sauti ya mtu anayesifu. "Mimi ningelia hadi leo."

"Ulilia."

"Nililia pesa yangu. Masweta themanini na nne, ya mkopo!"

Arobaini mapya yalikamilika kwa wakati. Tatizo ni kwamba shilingi nayo ilikuwa imefanya kazi yake. Katika miezi michache dola ilishuka hadi karibu mia moja na thelathini, na katikati ya mji wafanyabiashara wakapokea shehena mpya. Redio zikasherehekea. Rhonda, katika chumba kimoja cha mabati, hakuna aliyesherehekea.

Pikapu ya hospitali inafika saa saba. Cheptanui anashuka akiwa na sare yake ya bluu na mfuko wa duka mkononi. Anasalimia, anaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, na bila kuzunguka anatoa blanketi jipya kwenye mfuko.

"Hii nimenunua leo mjini. Elfu moja na mia tatu hamsini," anasema. "Naomba usikasirike, mama. Mimi nina bodi. Wataniuliza."

Nerima halikasirikii. Analikunjua, analinusa, analivuta kwa pembe mbili.

"Ni safi," anasema. "Imefumwa na mashine nzuri."

"Mama Bravin!" Wangare anamfokea. "Unamuuzia nani?"

"Nisidanganye matroni. Ni safi. Ni nyepesi, lakini ni safi."

Cheptanui anayapitia ya Nerima moja moja. Anayapima kwa mikono, anayatandika juu ya mtambo, anatazama kingo. Hakuna kiwavi hata mmoja. Anajifunika moja mabegani, kisha anaomba bei ipunguzwe hadi elfu moja na mia nne.

Nerima anatikisa kichwa. Anaeleza kwa ufupi: mtande wa pamba, kuni, masweta, majirani wawili wanaolipwa mia tatu na hamsini kila mmoja kwa kila blanketi. Kwa elfu moja na mia nne atabaki na kipato cha chini kuliko alichopata na sindano kando ya barabara. Wangare anapendekeza elfu moja na mia saba, Cheptanui elfu moja na mia tano. Nerima hasogei.

"Kiwanda kilianza kufa hivyo," anasema. "Punguza kidogo, punguza kidogo. Mwisho ukaja tukapewa mablanketi tukaambiwa kwaheri."

Matroni anatoka nje kumpigia simu msimamizi wa hospitali. Mazungumzo ni marefu. Kupitia mlango anasikika akisema "ndiyo, lakini uzito," kisha "najua," kisha "najua" tena. Wangare amekaa juu ya gunia, ameshika tama.

Nerima hawezi kukaa bure. Kwenye kiti cha mbele cha pikapu dereva ametandika blanketi kuukuu la hospitali, limeraruka pembeni kwa urefu wa kiganja. Anamwomba, analipata, anakaa kizingitini. Anachomoa uzi wa kijivu kwenye mabaki yake, anatunga sindano, na kuanza kurudisha nyuzi zilizokatika, moja juu, moja chini, kama zilivyokuwa zimefumwa. Hashoni kiraka. Anafuma upya pale palipotoboka.

Cheptanui anamaliza simu na uso usiosema kitu. "Amekubali ishirini na tano tu kwa bei yako," anasema. "Wodi ya wazazi na ya wazee. Nyingine tutanunua mjini. Hapo ndipo nimeweza, mama."

Ishirini na tano yanalipa masweta na majirani. Hayaachi mtaji wa kuendelea. Wote watatu wanalijua hilo.

Kisha Cheptanui anaona kilicho mapajani mwa Nerima. Analichukua, analigeuza, anatafuta.

"Ilikuwa imeraruka wapi?"

"Hapo," anasema Nerima.

"Hapa?"

"Juu kidogo."

Matroni analipeleka kwenye mwanga wa mlango. Anapitisha kidole, anapitisha tena. "Tuko na stoo imejaa hizi," anasema polepole. "Zaidi ya mia. Za zamani, nzito, za wakati wa wamisheni. Zikiraruka tunaweka huko, tunanunua nyingine. Fundi wa mjini alizitia viraka, vikawaumiza wagonjwa mgongo, tukaacha."

"Za sufu?"

"Sijui. Sijazichoma."

Wangare anaangua kicheko, na hata dereva anacheka.

Maafikiano yanachukua muda mfupi kuliko simu. Nerima atarekebisha mablanketi yote ya stoo kwa shilingi mia mbili kila moja, hospitali ikitoa chai na chakula cha mchana. Nauli ya kupanda Elburgon itakuwa juu ya hospitali pia. Hilo Wangare ndiye aliyelidai. Ishirini na tano yanapakiwa. Cheptanui analipa kwa simu pale pale.

Kumi na tano yanabaki ukutani.

"Leta," anasema Wangare. "Nitatundika mbele ya kibanda."

"Katikati ya mitumba?"

"Mbele nimesema. Watu wakiuliza zinatoka nchi gani, nitawaambia ni kamera ya Rhonda."

Jumatatu Nerima na majirani wake wawili wataanza kazi kwenye veranda ya hospitali. Ana hesabu ya kufanya akiwa huko. Kati ya Njoro na Molo kuna hospitali na nyumba za watoto ambazo pia zina stoo, na hakuna anayejua kilichomo. Anataka kuzizungukia zote, moja baada ya nyingine, arekebishe mablanketi ya zamani na kuuza mapya kwa anayetaka, ili karakana isiwe inangoja dola ipande ndipo ipate kula.

"Miaka ishirini nilikuwa naomba wafunge bandari," anasema, akiufungia mtambo kitambaa juu usipate vumbi. "Mwaka huu nikaombea shilingi ianguke. Fikiria hiyo maombi, Mkenya mzima! Sasa nimeacha. Wacha ipande, wacha ishuke. Elburgon kutakuwa na baridi tu, na hizo blanketi zitararuka."